Dawa za serikali dukani kwa shangazi, nifanyeje?

Nesi_Mpakani: Habari zenu ndugu. Mimi ni nesi, nipo Busia upande wa Uganda. Nasimamia duka la dawa la shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilipia karo mpaka nikamaliza chuo. Cheti kilichotundikwa ukutani ni changu.

Juzi napanga rafu, nikakuta paketi za dawa ya malaria zimekwanguliwa maandishi. Nikatoa kidonge kimoja, kina herufi UG. Mali ya serikali hiyo, haiuzwi. Jioni akaja mama na mtoto mgongoni, anachemka homa, mkononi ana kikaratasi cha kituo cha afya: dawa zimekwisha, kanunue nje. Nilimpa za kampuni nyingine. Zikiisha je? Shangazi namuuliza, ananijibu, "Wewe uza, mengine niachie." Nikisema, namfunga aliyenisomesha.

Kijana_wa_Boda: Uza tu dada. Usipouza wewe atauza jirani, na yule mama bado atanunua.

Mkunga_Mstaafu: Wewe wa boda hutakamatwa, ndiyo maana unasema. Wakaguzi wa NDA, mamlaka ya dawa ya taifa, wakiingia watamtafuta mwenye cheti. Baraza la Manesi na Wakunga likikufutia usajili, mwanangu, hiyo karo ya shangazi imeliwa na panya. Na malipo kwenye vituo vya serikali yalifutwa tangu 2001, kwa hiyo huyo mama anatozwa kitu chake mwenyewe.

Wakili_Mdogo: Kuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya 2010. Unaweza kwenda kwa IGG (Mkaguzi Mkuu wa Serikali) au polisi, na jina lako linatakiwa lifichwe. Fedha zikirudishwa, mtoa taarifa anastahili asilimia 5.

Mkunga_Mstaafu: Jina lifichwe vipi na dukani wako wawili? Sheria ni nzuri, lakini Busia tunajuana. Anza nyumbani. Shangazi usimkabili peke yako, mtafute mjomba au mzee anayemheshimu. Mwambie mambo mawili: mzigo huo utoke dukani, na amtaje anayeuleta. Huyo anayetoa boksi stoo ya kituo ndiye wa kuripotiwa, na shangazi akimtaja mwenyewe anakwenda kama shahidi, pengine anapona. Akikataa, ondoa cheti chako.

Baba_Wawili: Akikataa dada anabaki bila kazi na bila ukoo. Mnashauri kirahisi sana.

Mkunga_Mstaafu: Kazi ya unesi atapata, hata Tororo. Ukoo utanuna mwaka, utarudi kwenye harusi ya kwanza.

Nesi_Mpakani: Asanteni. Nimempigia mjomba, tunakutana Jumapili. Mama mkunga, barua ya kuondoa cheti naipeleka NDA kwanza au nampa shangazi?

Mkunga_Mstaafu: Nakala mbili, siku moja. Ya shangazi mpe mkononi, asije akaisikia kwa mkaguzi.