Tupeane uzoefu: mpira unakuvuta au unakuletea usingizi?

Mfuaji wa Jumapili: Wakuu, habari zenu. Nina miaka 34, mwanaume, na mpira haujawahi kuniingia. Nikisema hivyo saluni, kinyozi anazima mashine kwanza. Tarehe 5 Novemba 2023, Yanga inaichapa Simba 5-1, mtaa mzima unapiga mayowe, mimi nipo uani nafua. Mtoto wa jirani akaja kuniuliza, "Anko, unaumwa?" Mnaoupenda, ulianzia wapi? Na mnaosinzia kama mimi, mlikwama wapi? Utani wa watani wa jadi wekeni pembeni kidogo.

Binti wa Mzee: Mimi ni redio. Baba alikuwa haongei. Anarudi kazini, anakula, analala. Siku ya mechi tu ndiyo ulimi wake unafunguka. Nilipofika darasa la nne nikashtuka kwamba nikikaa naye karibu na redio, ananielezea kila kitu: huyu winga ana mbio lakini hana akili, yule beki muangalie, atachoka. "Muangalie," wakati tunasikiliza redio! AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 1980 kule Nigeria alikuwa anaisimulia kama aliyekuwa jukwaani, kumbe naye aliisikia redioni. Baba akafariki 2016. Machi 24, 2019 Taifa Stars, timu yetu ya taifa, wakaifunga Uganda 3-0, tukarudi AFCON baada ya miaka 39. Nililia mpaka konda wa daladala akanirudishia nauli. Watu walidhani ni uzalendo.

Mkeka Umechanika: Mimi nilikuwa naupenda sana, kisha nikaanza kubeti. Timu inapiga pasi tamu, mimi naomba kona, maana ndizo nimebetia. Mwaka jana nikaacha kubeti, mpira nao ukaondoka.

Mama Wawili: Jamani, wengine tulisinzia kwa sababu hatukuwahi kufundishwa. Nikimuuliza baba watoto, "Mbona goli limekataliwa?" anajibu, "Subiri mapumziko." Mapumziko yakifika, anatoka nje kuongea na wenzake. Siku moja mpwa wangu, kidato cha pili, akapanga vitu mezani: chupa ya chili kipa, vikombe mabeki, kijiko mshambuliaji. "Shangazi, pasi ikipigwa kijiko kikiwa kimeshakipita kikombe cha mwisho, kimeotea." Dakika tatu tu! Miaka kumi na moja ya ndoa nilikuwa natazama watu wazima wanakimbizana. Sasa nikiona timu imepaki basi, wote wamerudi kulinda goli, nakasirika kuliko baba watoto.

Wa Eldoret: Kandanda mimi sioni raha yake, lakini marathoni natazama mwanzo hadi mwisho bila kuinuka. Oktoba 12, 2019, Kipchoge kule Vienna, kilomita 42 kwa saa 1:59:40. Mke wangu akapita akasema, "Si anakimbia tu?" Kwake ni mtu anakimbia. Mimi nilikuwa nahesabu: kila kilomita dakika 2 na sekunde 50, moja baada ya nyingine. Nilikimbia shuleni, hata moja ya namna hiyo sikuwahi kuifikisha. Asiyewahi kusikia kifua kikiwaka atauonaje utamu huo?

Mfuaji wa Jumapili: Nimerudi, na huyu wa Eldoret amenigusa pabaya. Nilisema mpira unanichosha. Sijui kama ni kweli. Shule ya msingi nilikuwa nachaguliwa wa mwisho, halafu nawekwa golini kwa kuwa nilikuwa mnene. Siku tuliyocheza na shule ya jirani, wazazi wamejaa, nikafungwa sita. La tano lilipita katikati ya miguu. Mpaka leo nikisikia firimbi, hata ya trafiki, tumbo linabana.

Mkeka Umechanika: Sita tu? Mimi tisa, na mbili nilijifunga mwenyewe.

Mama Wawili: Njooni Jumapili, chili ipo.