Uzi wa yoyo unakata kidole: wewe yalikukuta yapi? Tupeane uzoefu

BabaZuhra
Habari za jioni wakuu. Juzi nilipita Kariakoo kumtafutia mwanangu zawadi, kafaulu mtihani wa la nne, nikakuta yoyo, kile kidude cha duara kinachoshuka na kupanda kwa uzi, ile ya plastiki nyekundu nikaichukua. Dogo karusha mara mbili tatu kachoka kaenda zake kwenye mpira. Umeme ulikuwa umekatika nikasema ngoja nikumbuke enzi, nikacheza kama nusu saa hivi nimesimama kibarazani. Kuja kuivua, kidole cha kati kimechimbika mfereji, ncha imekuwa zambarau na ganzi juu. Mpaka leo pana alama kama nilivaa pete ya kubana. Nataka nimfundishe mtoto ila siwezi kumpa kitu kitakachomuumiza hivi. Nyie mliocheza zamani mlikuwa mnafanyaje? Na yalikukuta yapi?

Kisoda91
Dah umenikumbusha mbali sana mkuu. Sisi Tanga hatukuwa na za kununua, tunaokota kisoda tunakiponda na jiwe mpaka kinakuwa bapa, unatoboa matundu mawili na msumari unapitisha uzi, unashika huku na huku unavuta unaachia, vuuu vuuu. Uzi wa nailoni ule, vidole viwili vinakatika kwa mpigo. Nina kovu mpaka leo kwenye kidole cha shahada.

MwanaMvita
Kaka, hiyo si yoyo. Hiyo ni kisoda na uzi. Yoyo inashuka na kupanda.

Kisoda91
Kwetu tuliita yoyo na kidole kilikatika vilevile. Sasa wewe utaniambia utoto wangu uliitwaje?

Neema_K
Na ile ya mpira yenye maji ndani, ina kamba inavutika kama jojo? Ilinigonga jicho nikiwa la pili.

MwanaMvita
Ndio kabisa haihusiki dada yangu. Mwenye mada kauliza uzi na kidole.

Neema_K
Jicho liliuma lakini.

Fundi_Tanzi
Nipo Nakuru, nacheza yoyo tangu shule ya msingi na sasa nafundisha watoto wa mtaa kila Jumamosi, so hii mada nimeipenda sana. BabaZuhra, angalia vile ulivyovaa uzi. Uzi mpya unakuja na kitanzi kidogo mwishoni kilichofungwa fundo, na karibu kila mtu akianza anaingiza kidole hapo hapo. Hicho kitanzi si cha kidole. Shika uzi wenyewe upitishe ndani yake, utapata tanzi linaloteleza, hilo ndilo la kuvaa. Likibana unalisukuma na kucha linalegea. Ukiingiza kidole kwenye fundo, kidole kikishavimba fundo halirudi nyuma hata uombe.

Na urefu: simamisha yoyo chini kando ya mguu, uzi ufike kitovuni, uongeze kidogo tu wa kutengeneza tanzi, mwingine kata. Mtoto akipewa uzi wa mtu mzima yoyo inagonga sakafu na yeye anaikwanyua kwa hasira, na hapo ndipo kidole kinalipa.

Mzee wa Ngalawa
Tanzi ndilo linalobana, kijana. Mimi nimetega kanga kwa tanzi, najua linavyofanya kazi. Kila akivuta linazidi.

Fundi_Tanzi
Ni kweli mzee wangu, linazidi, ndio maana nawaambia watoto kila wakirusha mara kumi walilegeze, wakunje na kukunjua kidole, halafu waendelee. Kanga hana mkono wa pili wa kulegeza.

Mzee wa Ngalawa
Hapo sawa. Sisi kwenye mshipi tulikata mpira wa tyubu ya baiskeli tukauvalisha kidoleni kama pete pana. Samaki akivuta, mshipi unakula mpira. Kwa nini huyo mtoto asivalishwe hivyo?

Kibonge wa Tandika
Plasta tu. Mzungushie plasta kidoleni raundi mbili uzi ukae juu ya plasta.

Jaba_Mchezaji
Msimdekeze mtoto. Wiki mbili kidole kinaota sugu basi, na maumivu hayapo tena.

UmmuSalma
Wiki mbili za nini jamani? Someni hii ndipo mseme habari za sugu.

Nilikuwa bweni, kidato cha pili. Kaka yangu aliniletea yoyo siku ya wazazi, nyeusi ina mstari wa dhahabu pembeni, na bweni zima hakuna mwenye nyingine. Kila mtu anaiomba. Nikaogopa itaibiwa, usiku nikaifunga kidoleni nikalala nayo, na sikuweka tanzi maana sikujua habari za tanzi, nilipiga fundo, fundo, fundo, matatu, kusudi mtu asiweze kuifungua nikiwa usingizini. Mkono nikauweka chini ya mto.

Nikaamka giza bado, nafikiri saa kumi, sijui kilichoniamsha, maana kidole hakikuuma hata kidogo. Nikakigusa kwa mkono mwingine nikahisi nagusa kidole cha mtu. Baridi, kinene, kigumu. Nikapiga ukelele bweni likaamka lote. Mwenzangu wa kitanda cha juu akawasha tochi, tukaona uzi hauonekani, nyama imeufunika huku na huku, umebaki mstari tu mweusi. Mmoja anavuta yoyo akidhani itatoka, hapo ndipo nikasikia maumivu mpaka kwapani. Matroni akaja na mkasi, mkasi hauingii. Akaniambia nyanyua mkono juu ya kichwa usishushe, nikakaa hivyo nalia huku ananimwagia maji ya ndoo, halafu mafuta ya nazi, ikapita kama robo saa uvimbe ukashuka kidogo tu. Akachukua wembe mpya, akapitisha sindano ya kushonea chini ya uzi upande wa mgongo wa kidole, akaunyanyua uzi kwa sindano, akakata juu ya sindano. Uzi mmoja baada ya mwingine. Mkono wake haukutetemeka. Damu iliporudi ndipo nilijua maumivu ni nini, kama mtu kamwaga maji ya moto ndani ya kidole.

Ukucha ulitoka baada ya mwezi ukaota mwingine. Kidole kipo, kinafanya kazi, ila wakati wa baridi nikiwa Mbeya ncha yake inakufa ganzi mpaka leo. Yule mama namuombea kila siku.

Neema_K
Yarabi. Nimekunja vidole vyangu nikisoma.

Kibonge wa Tandika
Mafundo matatu dada angu!! Pole sana.

Jaba_Mchezaji
Pole dada UmmuSalma. Nimelifuta neno langu kuhusu sugu kwa mtoto.

Kisoda91
Ilikuwaje msiende hospitali moja kwa moja?

UmmuSalma
Saa kumi usiku, bwenini, gari hakuna. Asubuhi tulikwenda, daktari akasema mngechelewa zaidi tungekuwa tunaongea mengine. Ndugu zangu, kidole kikiwa cha baridi na hakiumi ndio uogope, msisubiri kiume.

MwanaMvita
Tuiweke hii juu kabisa ya mada. Watoto hulala na vitu mkononi.

Kamau_254
Mimi shida yangu ni tofauti. Niliagiza ya chuma mtandaoni, imeandikwa gramu 66, nzito poa sana, lakini ikishuka inazunguka tu huko chini hairudi. Navuta, navuta kwa nguvu, hairudi. Kidole kimevimba kwa kuvuta.

Fundi_Tanzi
Kamau bro, acha kuvuta. Hiyo ina beringi pana na imetengenezwa isirudi kwa kuvutwa, ni ya michezo ya kupitisha uzi. Inarudishwa kwa kukunja uzi na kuuingiza tena katikati mpaka ushike. Ukianza, tafuta ile inayorudi ukivuta uzi kidogo tu.

Na BabaZuhra naomba ufungue yako uangalie kitu. Uzi umefungwa fundo kwenye kile kijiti cha katikati, au umezungushwa tu? Hii ndio siri yenyewe. Pedro Flores, yule Mfilipino aliyeanza kutengeneza yoyo Santa Barbara kule California mwaka 1928, za kwake uzi ulizungushiwa kijiti bila kufungwa, ndio maana yoyo ikifika chini inaweza kulala, yaani inazunguka palepale mpaka uiite. Ukiufunga fundo, ikifika mwisho inashtuka na kugeuka papo hapo, na mshtuko wote unapokewa na kidole. Nusu saa ya hiyo ni mishtuko mingapi?

Halafu kurusha: kiganja kiangalie juu, uzi utokee upande wa juu wa yoyo, kunja mkono kama unaonyesha msuli, shusha, iache itoke kwenye vidole yenyewe. Ikilala geuza kiganja kiangalie chini, inua mkono kidogo tu. Haina haja ya kukwanyua.

MwanaMvita
Uzi uvaliwe pingili ipi? Mie navaa ya kati.

Fundi_Tanzi
Mimi huvaa ile ya karibu na kiganja, nyama ni nyingi. Wengine ya kati kama wewe. Nchani hapana, itaruka ikavunje kioo. Na kama kidole hakitaki kabisa, uko mchezo ambao uzi haufungwi kidoleni, mwisho wake unafungiwa kitu kidogo kama dadu ya ludo unashika hicho. Wenyewe wanaita 5A.

Kibonge wa Tandika
Mimi bado na plasta yangu.

BabaZuhra
Wakuu narudi na majibu. Nimeifungua, kweli, fundo kwenye kijiti, tena limepigwa gundi. Nimelikwangua na kisu. Nikachukua uzi wa pamba wa mama Zuhra nikausokota mrefu, nikaukunja katikati ukajisokota wenyewe, pale kwenye mkunjo nikapanua tundu nikaipitisha yoyo. Kitovuni kwa dogo, nikakata, tanzi.

Imelala. Nimehesabu mpaka nne. Dogo karusha dakika kumi, kila mara namuuliza kidole kikoje, nakibonyeza ncha inakuwa nyeupe halafu inarudi yenyewe. Usiku nimeivua mimi mwenyewe nikaiweka juu ya kabati. UmmuSalma, ni kwa ajili yako.