Mrejesho: deni la hospitali na kibali cha usalama Marekani

Ndugu zangu, niliwauliza kama deni la hospitali lingemkwamisha mume wangu kupata kibali cha siri za serikali. Kibali kimetoka, Alhamdulillahi!

Deni tuliliandika lote kwenye fomu SF-86 ya kuombea kibali hicho, sehemu ya 26 ya mambo ya fedha, inayouliza hata madeni yaliyochelewa zaidi ya siku 120. Mpelelezi hakujali sana kiasi. Alitaka karatasi: barua ya kupunguzwa kazini, makubaliano na wadai, risiti za kila mwezi, akizikagua tarehe moja moja. Mwongozo F, yaani kanuni za kupima hali ya fedha ya mwombaji, unatambua ugonjwa na kupoteza kazi kuwa sababu za deni zinazoeleweka, mradi uonekane unalipa. Kuficha ndiko kungemponza. Asanteni sana mliosema tuwapigie wadai mapema.