Mazoezi ya nyumbani kwa anayeanza rola dabi: ndoo, kamba, baiskeli au jimu?

Binti wa Nkuhungu:
Habari za jioni wakuu, poleni na upepo maana leo vumbi lote la Dodoma limehamia machoni mwangu. Naomba mwongozo. Mimi na wenzangu wanne tuna miezi miwili tunajifunza rola dabi, ule mchezo wa skeiti za matairi manne (skeiti jamani, sio sketi, mama yangu bado anachanganya). Kwa wasioujua, kila timu inaingiza watu 5, mmoja ni jama, ana nyota kwenye helmeti, akishalipita kundi mara ya kwanza basi mizunguko inayofuata kila mpinzani anayempita ni pointi, wanne waliobaki ni bloka, wanamzuia jama wa wenzao kwa bega na nyonga huku wanamfungulia njia wa kwao.

Tuna jozi tatu tu za mtumba na sakafu nzuri tunaipata Jumapili asubuhi, basi. Siku nyingine niko home, nina kama nusu saa kabla sijaingia jikoni. Mmoja ananiambia piga skwati (kuchuchumaa na kuinuka) na ndoo ya maji, mwingine niruke kamba, mwingine nitafute baiskeli, mwingine ananivuta jimu. Shida yangu naanguka sana, tena sio nikiwa mbio, ni kwenye kona na wakati wa kufunga breki, miguu inatetemeka kama ndama aliyezaliwa leo. Kipi kinalipa zaidi?

Mzee wa Pedeli:
Baiskeli dada, usihangaike. Mimi Kisasa kwenda Ihumwa na kurudi, mara tatu kwa wiki, mapaja yamekuwa magogo na goti halilalamiki kama kwenye jogi. Na hapa kwetu tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, pumzi utakayoijenga hapa ukishuka Dar unapaa.

Chuma Dom:
Jimu. Nyumbani utafanya siku mbili ya tatu utasema umechoka, jimu umelipia hela inakuuma utaenda tu. Kuna mashine ya kusukuma kwa miguu, hiyo ndiyo dawa ya mapaja.

Kocha Asiye na Leseni:
Mzee wa Pedeli nakuheshimu ila umejibu swali la pumzi, dada kauliza la kuanguka. Nilicheza dabi miaka miwili nikiwa masomoni nje, ngoja niongee kwa kirefu kidogo.

Dabi inazungushwa upande mmoja tu, kinyume na mshale wa saa, kwa hiyo kona zote ni za kushoto. Ukikata kona mguu wa kulia unavuka mbele ya wa kushoto, na pale wa kulia uko hewani mwili wako wote umebebwa na wa kushoto tena goti limekunjwa. Breki je? Ile ya herufi T unaburuta mguu mmoja nyuma, unaosimamia ni mmoja. Ukienda chini kwa goti moja unainuka kwa mguu mmoja, na viganja huvitandazi sakafuni maana kuna matairi ya watu yanapita hapo hapo. Sasa piga hesabu, kila sehemu unayoanguka ni ya mguu mmoja. Skwati za miguu miwili ni nzuri za kuanzia ila zinaficha ukweli, mguu wenye nguvu unambeba mvivu kama kazi za kikundi chuoni, mmoja anaandika watano wanapata A. Mashine ya kusukuma ya Chuma Dom nayo hivyo hivyo, halafu umeegemea mgongo, hakuna anayeegemea kiti akipigwa nyonga na bloka.

Fanya hivi sasa hivi. Chukua kiti cha plastiki, kiegemeze ukutani kisiteleze, kaa, nyanyua mguu mmoja, inuka kwa mguu uliobaki bila kusukuma kwa mikono, rudi polepole usijitupe. Hesabu mpaka ushindwe, kisha mguu wa pili. Njoo na majibu.

Binti wa Nkuhungu:
Kulia 9. Kushoto 4, ya tano nimejitupa mpaka kiti kimelia na mama katoka chumbani kuuliza nani kavunja nini 😂

Kocha Asiye na Leseni:
Ndo ugonjwa wako huo, na kona zote ni za kushoto, utaachaje kuanguka.

Siku tatu kwa wiki zinatosha, ruka siku moja katikati, misuli inajengeka ukiwa umepumzika. Anza kila mara na mguu mnyonge, na ule wa kulia ufanye idadi ile ile ya kushoto, usiuongezee, msubiri mwenzake. Zoezi hilo la kiti, halafu lanji za kurudi nyuma, yaani unapiga hatua ndefu nyuma unakunja magoti, goti lishuke taratibu liguse kanga uliyoikunja chini, usilidondoshe. Ikiwa rahisi kumbatia dumu la maji la lita 5, hizo ni kilo 5 tayari, ndoo ya lita 20 iache kwanza, mpini unakuvuta upande mmoja na mgongo unajikunja. Kisha lala chali, magoti juu, nyanyua makalio, miguu miwili wiki ya kwanza, mguu mmoja baadaye. Malizia na planki, kujishikilia kwa viwiko mwili umenyooka kama ubao, ya mbele na ya ubavu, hiyo ya ubavu ndiyo itakayokusaidia ukigongwa. Kifua juu muda wote, ukiinama kama unaokota sarafu utaanguka na mazoezi yako.

Chuma Dom:
Sawa kocha nimekuelewa, na niseme ukweli, mwaka jana jimu moja mwalimu alinipakia vyuma siku ya kwanza bila kuniangalia navyosimama, kiuno kilikaza wiki nzima nikawa nageuka kama friji. Ila bado nasema jimu ina faida ukiwa na mtu wa kukuelekeza.

Mama Wawili:
Mwanangu hiyo nusu saa nakuonea wivu. Mimi nilikuwa nacheza netiboli, baada ya watoto nikawa naiba muda. Kupiga mswaki, meno ya juu nasimamia mguu wa kulia, ya chini wa kushoto, goti limelegezwa kidogo sio limenyooka. Ugali ukiwa unatokota naegemea ukuta nakaa kama nina kiti, mgongo umegusa ukuta wote. Siku ya kwanza sikumaliza hata nusu dakika.

Na msisahau ndani ya mapaja, hamjaitaja wote. Kwa hao wanaofunga breki kwa kutanua miguu, vidole vikiangalia ndani, hapo ndipo panapowaka. Bibi zetu wa Kigogo wanabana ngoma katikati ya mapaja wanaipiga huku wanacheza, mwenye miaka sabini, halafu wewe wa ishirini unatetemeka. Bana mto katikati ya magoti wakati unanyanyua makalio, utanikumbuka.

Beki wa Kati:
Naongezea kitu kimoja. Baiskeli, jogi, ngazi za uwanja wa Jamhuri, vyote hivyo mwili unaenda mbele tu. Bloka anaishi pembeni, jama akihama kushoto unahama naye. Sisi wa basketi tunaita kuteleza ulinzi, magoti yamekunjwa, unaenda pembeni bila miguu kugusana, kichwa hakipandi hakishuki. Kata tyubu ya zamani ya baiskeli, fundi yeyote anakupa bure au buku, ifunge juu ya magoti, tembea pembeni hatua kumi kwenda kumi kurudi. Nyonga zitakulaani.

Binti wa Nkuhungu:
Asanteni sana, na kamba je? Niliruka juzi pekupeku kwenye zege nikaumia mifupa ya mbele ya miguu.

Kocha Asiye na Leseni:
Pekupeku kwenye zege tena, dada jamani. Vaa raba, ruka kwenye udongo ulioshindiliwa, nyanyuka kidogo tu, na subiri maumivu yaishe kwanza. Misuli kuuma kesho yake ni kawaida, mfupa au goti kuchoma ni kusimama.

Kamba naipenda kuliko jogi kwa sababu moja. Jamu moja ya dabi, yaani raundi moja ya mchezo, mwisho dakika 2, mnapewa sekunde 30 kujipanga, inaanza nyingine, na mechi ina vipindi viwili vya dakika 30. Jogi ya saa nzima kwa mwendo mmoja haikufundishi hiyo. Ruka dakika 2, pumzika sekunde 30, anza na mizunguko mitatu. Baiskeli ya Mzee wa Pedeli siitupi, kuna kile kipimo cha zamani cha wachezaji wa dabi, kuzunguka uwanja mara 27 kwa dakika 5, pale pumzi ya baiskeli inasaidia. Ikiwepo itumie siku moja ya wiki. Isipokuwepo usikope hela ya kununua.

Mzee wa Pedeli:
Angalau nimeachiwa siku moja 😅

Binti wa Nkuhungu (wiki tatu baadaye):
Wakuu nimerudi. Kiti: kushoto 7, kulia 10. Lanji sijapenda na sitapenda. Jumapili nimekata kona nne mfululizo bila kugusa chini, na breki ya T nimesimama kabla ya ukuta, mwenzangu alishanyoosha mikono kunidaka. Nikisimamia kulia ni safi, nikisimamia kushoto bado nazunguka kama pia. Tyubu imekatika mara mbili, imenichapa paja.

Sasa tatizo jipya, matairi mawili hayazunguki vizuri, nadhani vumbi limeingia kwenye beringi. Nazisafishaje?

Mzee wa Pedeli:
Hapa sasa mmekuja kwangu. Zitoe, ziloweke kwenye petroli, zitikise, zikaushe kabisa, kisha tone moja la mafuta ya cherehani, moja tu, ukizidisha vumbi linaganda. Fanyia nje, mbali na jiko la mama.