Mwili wake, unga wake: je, serikali ina haki ya kumzuia mtu mzima?

Mkazi wa Chumbageni aliuliza:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Jana jioni, barazani kwetu hapa Tanga, kulizuka ubishi ambao haukwisha hadi ilipoadhiniwa isha. Mjomba wangu, msomaji mkubwa wa magazeti, alishikilia kwamba serikali haina haki ya kumkataza mtu mzima bangi, mirungi wala unga (yaani heroini), maadamu anajidhuru mwenyewe. Alitoa mfano wa Horohoro: mirungi ikiwa upande wa Kenya ni zao halali linalouzwa mchana kweupe, lakini ikishavuka mpaka kuja kwetu, aliyeibeba ni mhalifu, ilhali jani ni lile lile na huenda hata mtafunaji ni yule yule. Akaongeza kwamba pombe nayo inavunja nyumba za watu, na bado inauzwa kwa leseni na kutozwa kodi. Nilikosa la kumjibu, lakini pia sikuridhika. Je, mamlaka ya serikali juu ya mwili wa mtu yanaishia wapi? Naomba hoja, si matusi.

Wakili wa Barazani alijibu:

Waaleikum salaam. Hoja ya mjomba wako si ya kupuuzwa. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inahifadhi nafsi ya mtu na maisha yake binafsi, na ni kwa msingi unaofanana na huo, yaani faragha, kwamba Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua mwaka 2018 kuwa mtu mzima anayevuta bangi faraghani hatendi jinai. Izingatiwe kwamba mahakama hiyo haikuruhusu biashara. Hata hivyo, Katiba yetu ina ibara ya 30 pia, ambayo inasema kwamba uhuru wa mtu mmoja usitumike kuvuruga haki za wengine au maslahi ya umma. Kwa hiyo shauri zima linasimama juu ya maneno matatu ya mjomba: "maadamu anajidhuru mwenyewe". Akiweza kuyathibitisha, ameshinda. Kwa bangi ya mzee mmoja anayevuta shambani kwake, naona anaweza. Kuhusu unga, sina hakika kama yeye mwenyewe anayaamini.

Bi Mkubwa wa Makorora alijibu:

Mwanangu wakili, umesema vizuri, nami nitakueleza kilichotokea ndani ya nyumba yangu, kwa sababu mambo haya hayaishii katika vitabu vya sheria. Nimemlea mtoto wa marehemu kaka yangu, na alipoanza unga alikuwa fundi seremala mwenye wateja wake. Zilianza kupotea kanga kwenye kamba, tukawashuku watoto wa jirani, Mungu atusamehe. Baadaye likaondoka sufuria kubwa la shughuli, lile ambalo mtaa mzima huliazima, na mwishowe tuliamka alfajiri moja tukakuta uani kumejaa maji, kwani bomba lilikuwa limekatwa usiku likauzwe vyuma chakavu. Sasa mniambie ni nani aliyejidhuru mwenyewe hapo.

Jambo linalonikera zaidi ni hili neno "uamuzi wake". Siku ya kwanza aliamua, sikatai. Lakini nimemwona akiwa na arosto ya kukosa unga, amejikunja sakafuni, jasho linamtoka huku anatetemeka kwa baridi, anatapika na kulia kama mtoto, na mtu wa namna hiyo hana anachokiamua, maana kete, kile kipakiti cha unga, ndiyo inayomwamulia. Hata hivyo msidhani kwamba naisifu pingu. Alikamatwa mara mbili, na mara zote mbili alirudi amekonda zaidi, akiwa na marafiki wapya wanaojua kete inapatikana wapi.

Muuguzi wa Pwani alijibu:

Bi Mkubwa, pole sana. Ninafanya kazi katika kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa anayopewa mtumiaji badala ya heroini, na kliniki yenyewe nitaomba nisiitaje. Tiba hii ilianza nchini mwaka 2011 katika Hospitali ya Muhimbili, na sasa inatolewa katika miji kadhaa. Kila asubuhi mgonjwa huja, tunampimia dozi yake katika kikombe kidogo cha plastiki, anainywa mbele yetu, kisha tunamsemesha kidogo ili tuhakikishe ameimeza. Wapo wanaokuja na magwanda ya kazini, wakinywa wanawahi zamu.

Ningependa mjomba atafakari jambo moja: methadoni ni ya ukoo mmoja na heroini. Serikali ile ile ambayo sheria yake inaweza kumfunga maisha msafirishaji wa heroini ndiyo inayompa mtumiaji, bila malipo, dawa ya jamii hiyo hiyo. Sioni unafiki katika hilo, kwa sababu mfanyabiashara na mgonjwa ni watu wawili tofauti. Ureno ilitenganisha watu hao tangu mwaka 2001: anayekutwa na kiasi cha matumizi yake hapelekwi mahakama ya jinai bali mbele ya tume, ambayo inaweza kumwelekeza kwenye tiba, huku uuzaji ukibaki kuwa kosa la jinai. Kwetu mtumiaji humkwepa polisi, na katika kukwepa huko hutukwepa na sisi, hadi tunapokuja kumwona, kidonda cha sindano kimeshaoza.

Mkazi wa Chumbageni aliandika:

Nimemsomea mjomba yote haya. Kwenye unga amelegeza msimamo, hasa baada ya habari ya bomba, lakini mirungi ameing'ang'ania.

Wakili wa Barazani aliandika:

Aing'ang'anie tu, hapo ana haki ya kubishana. Mumkumbushe pia viroba: mwaka 2017 serikali haikumkataza mtu kunywa, ilipiga marufuku vile vifuko vidogo vya pombe kali ambavyo hata mwanafunzi aliweza kuvificha mfukoni. Udhibiti wa namna hiyo unaelekezwa kwenye biashara na kumwachia mtu mzima mdomo wake. Kwa mirungi ningeanzia hapo.

Bi Mkubwa wa Makorora aliandika:

Mwanangu muuguzi, je, mnaweza kumpokea kijana akiletwa kwa nguvu? Wajomba zake wako tayari kumfunga kamba.

Muuguzi wa Pwani aliandika:

Hapana, mama, kamba muiache nyumbani. Lazima akubali mwenyewe, kwani dozi ni ya kila siku na hakuna ndugu atakayemburuta kila asubuhi. Mleteni siku atakayosema amechoka, asubuhi na mapema, aje na mtu mmoja wa nyumbani anayemwamini.

Bi Mkubwa wa Makorora aliandika:

Juzi alisema amechoka. Nilidhani ananilaghai nimpe fedha.

Muuguzi wa Pwani aliandika:

Huenda alikuwa anakulaghai. Njoo naye kesho.