Kigari cha gofu cha umeme hakijai chaji: lawama ni ya betri au ya chaja?

Msimamizi wa Karakana (Malindi) anauliza:

Waungwana, assalaam aleikum. Ninasimamia matengenezo katika nyumba za wageni zilizoko upande wa Casuarina hapa Malindi, ambako tunatumia vigari viwili vya gofu vya umeme kuwabeba wageni na mizigo yao kutoka langoni hadi ufukweni. Kimoja kilinunuliwa kipya na hakina taabu. Kinachonisumbua ni cha pili, ambacho kiliagizwa kutoka Marekani kikiwa kimetumika, pamoja na chaja yake. Ni cha volti 48, kina betri sita za maji za volti 8 kila moja, na kwa kuwa chaja ni ya volti 120 na umeme wetu ni wa volti 240, tuliweka transfoma ya kushusha umeme katikati.

Chaja hunguruma kwa sauti kubwa, hupata moto kiasi cha kutoweza kuiwekea kiganja, na hufanya kazi usiku kucha bila kujizima yenyewe. Hata hivyo, kufikia adhuhuri kigari kimekwisha nguvu, na kile kimwinuko cha mchanga kilicho karibu na bwawa hukipanda kwa kujikokota. Betri zilizokuja nacho tulizibadilisha zote mwaka jana, na hizi mpya zimeanza tabia ile ile. Isitoshe, kilipokaa bila kutumika wakati wa masika, hoteli zilipokuwa zimefungwa, chaja ilikataa kuwaka kabisa hadi fundi mmoja alipochaji betri moja moja. Fundi huyo sasa ananishauri ninunue betri nyingine sita. Kabla ya kupeleka ombi hilo kwa mwenye mali, ningependa kusikia rai zenu.

Mkaazi wa Watamu anajibu:

Wa aleikum salaam. Usinunue chochote kwanza. Betri zilizobadilishwa mwaka jana hazipaswi kuchoka hivi, na kubadilisha tena bila kupima ni kumlipia muuza betri karo ya watoto wake.

Chaji kigari usiku, chomoa chaja, kiache kitulie saa chache bila kuguswa, kisha upime kila betri peke yake kwa mita. Betri ya volti 8 iliyojaa barabara husoma takribani 8.5, na zote sita kwa pamoja zitakaribia 51. Ukiona 8.05 kwa betri moja, au 48.4 kwa zote, basi kigari kiko nusu tu, hata kama chaja imenguruma hadi alfajiri. Halafu tafuta haidromita ya bei nafuu upime asidi katika kila seli. Kila betri ina seli nne, kwa hiyo una seli 24 za kupima. Seli iliyojaa husoma karibu 1.265 hadi 1.280, yaani uzito wa asidi ukilinganishwa na wa maji. Vipimo hivyo huhesabiwa kwa joto la nyuzi 27, ambalo kwa Malindi ndilo joto la kila siku, kwa hiyo huna haja ya kusumbuka na jedwali la marekebisho. Kinachotafutwa zaidi ni tofauti: seli moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya 0.050, seli hiyo ni mgonjwa.

Chungulia na maji pia. Maji ya betri yawe yale yaliyotoneshwa yanayouzwa dukani, kamwe yasiwe ya kisima, kwa sababu visima vyetu vya pwani vina chumvi na chumvi hiyo hula sahani za risasi zilizomo ndani. Hujazwa baada ya kuchaji, kwa sababu asidi hupanda wakati wa kuchaji na ikiwa umejaza kabla itafurika nje. Isipokuwa ukikuta sahani zimebaki wazi, hapo uzifunike kwa maji kidogo kwanza.

Fundi wa Shela anajibu:

Aliyosema ndugu wa Watamu ni sahihi, lakini mimi nimesimama pale uliposema transfoma. Transfoma ile inashusha volti tu. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde) na wetu ni wa hezi 50, na hakuna transfoma inayobadilisha hezi. Tafadhali soma bamba lililo nyuma ya chaja: likisema 60 peke yake, bila 50/60, tumekwisha kumjua mwizi kabla ya kuita polisi.

Chaja nyingi za zamani za vigari vya gofu, zile nzito za chuma zenye kapasita kubwa ya bati, hazina saketi ya kisasa ya kudhibiti volti. Chuma cha transfoma yake hushibishwa sumaku makusudi, na volti inayotoka hutegemea moja kwa moja hezi zinazoingia. Ukiilisha hezi 50 badala ya 60, kinachotoka hupungua hadi sehemu tano kati ya sita, wakati chuma na nyaya zake zinazidi kupata moto. Kigari cha volti 48 kinahitaji chaja iifikishe bohari nzima ya betri hadi kama volti 58 au 60 mwishoni mwa kuchaji. Toa sehemu moja ya sita kwenye 60, unabaki na 50, ambayo ni chini hata ya zile 51 za betri zilizojaa na kutulia. Chaja ya namna hiyo haitajaza betri zako hata ukiiacha hadi Idi, na haitajizima, kwa sababu inasubiri dalili ya kujaa ambayo haitakuja. Betri inayoishi nusu-nusu kila siku huota salfeti ngumu juu ya sahani na kupoteza uwezo wake. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililoziua betri za kwanza, na sasa linazinyemelea hizi.

Kuhusu kukataa kuwaka baada ya masika, hilo lina maelezo mengine. Chaja ya kujiendesha huchungulia kwanza kama kuna volti za kutosha kwenye betri. Zikishuka mno, relei yake (swichi inayoendeshwa na umeme) haifungi na unasikia kimya tu. Alivyofanya fundi wako, kuchaji moja moja, ni sawa, mradi chaja aliyotumia iwe na chaguo la volti 8. Ikiwa kigari chenyewe ni Club Car cha volti 48 cha aina iliyoanza kutoka mwaka 1995, kumbuka kwamba kuna kompyuta ndogo ndani ya kigari inayoiamuru chaja, na hiyo nayo hufa. Itazame kabla ya kununua chaja mpya ya aina nyingine.

Ombi moja tu: usiifungue chaja hiyo kwa pupa. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa plagi.

Msimamizi wa Karakana:

Shukrani, Bwana Fundi. Bamba linasema volti 120, hezi 60, basi. Usiku wa manane nilipima betri zote kwa pamoja chaja ikiwa inafanya kazi: volti 50 na nukta, na alfajiri ilikuwa pale pale.

Baada ya kutulia, betri tano zilisoma kati ya 8.15 na 8.2, na seli zake ziko karibu 1.195. Ya sita, ile iliyo chini ya kiti upande wa dereva, ilisoma 8.05, na seli yake moja ni 1.120. Nilifunga mita kwenye betri hiyo kwa nyaya ndefu, nikamkalisha kijana mmoja aishike, tukapanda kile kimwinuko: ilianguka hadi volti 7 wakati jirani yake ilibaki 7.9. Pia tuliposhuka, kichwa kimoja cha waya kwenye betri hiyo kilikuwa cha moto kuliko vyote, na kina ukoko wa kijani. Je, nibadilishe hiyo moja, au fundi alikuwa na haki kuhusu zote sita? Na je, haiwezekani kuongeza kapasita ili chaja iende na hezi 50? Kuna mtu amenieleza hivyo.

Mwana wa Amu:

Sisi huku Lamu punda wetu hawana chaja, lakini betri za sola tunazijua. Kama mna inveta ya sola (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) inayoweza kuwekwa hezi 60 na volti 120, mnaweza kuilisha chaja hiyo kwayo bila kununua nyingine.

Fundi wa Shela:

Wazo la ndugu wa Amu ni sahihi kihesabu, lakini inveta ya kuihimili chaja ya chuma wakati wa kuwaka, tena yenye wimbi safi, itamgharimu mwenye mali kuliko chaja mpya. Kuongeza kapasita ninakataa kabisa. Utaweza kuilinganisha tena saketi na hezi zinazoingia, lakini chuma bado kitashiba mapema kwa hezi 50, na moto utabaki. Nunua chaja ya kielektroniki iliyoandikwa 100 hadi 240, hezi 50/60, ya volti 48, yenye mpangilio wa betri za maji, ya ampia 15 hadi 18. Hakikisha tundu lake linaingiana na la kigari. Transfoma ya kushushia itolewe.

Ile betri ya sita usiihukumu kabla ya kushiba. Anza na kichwa cha moto: weka swichi ya kigari kwenye hali ya kukokotwa, vua pete na saa, fungia spana utepe, toa waya hasi wa mwisho wa bohari kwanza. Funga vifuniko vya seli vizuri, osha ukoko kwa bikaboneti ya soda iliyokorogwa kwenye maji, suuza, kausha, kaza, kisha paka grisi. Hewa yetu ya chumvi itaurudisha ukoko huo, kwa hiyo jambo hilo liingie kwenye ratiba ya kila mwezi.

Kisha chaji kwa chaja mpya hadi ijizime, halafu tumia ule mpangilio wake wa kusawazisha, ambao hupandisha bohari nzima hadi kama volti 62 ili seli dhaifu zichemke na kuwafikia wenzake. Pima asidi kila saa na simamisha kazi ikiwa kipimo hakipandi tena, au betri zikikaribia nyuzi 50 za joto. Kazi hiyo isifanywe ndani ya banda la makuti lililofungwa: haidrojeni ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa hushika moto, na makuti hayahitaji kubembelezwa.

Mkaazi wa Watamu:

Hapo ninatofautiana nawe kidogo. Betri zimeteseka mwaka mzima. Mimi ningebadilisha zote na kuanza upya na chaja mpya.

Fundi wa Shela:

Ungekuwa na haki kama zote zingeanguka kwenye kile kimwinuko, lakini jirani yake ilishikilia 7.9 ikiwa na chaji kama nusu tu. Ikiwa baada ya kusawazisha seli ile itabaki chini kwa zaidi ya 0.050, ibadilishwe hiyo moja, na itafutwe ya aina na ukubwa ule ule, ikiwezekana yenye umri unaokaribiana na za wenzake, kwa sababu betri mpya kabisa kati ya zilizochoka hubebeshwa mzigo usio wake.

Msimamizi wa Karakana:

Nimeelewa. Ombi la betri sita nimeliondoa, na nimeandika la chaja moja na haidromita. Kigari nitakitoa nje ya banda usiku wa kusawazisha, na vipimo vya ile seli nitavileta hapa.