Kijiji cha wavuvi Bali kwa siku moja: Kedonganan, Kusamba, Amed au Perancak?

MwanaTanga: Wakuu, habari zenu. Mwezi wa tisa mimi na mke wangu tunakwenda Bali, kisiwa cha Indonesia, tutalala mji wa Sanur. Mahekalu na mashamba ya mpunga yameshapangwa. Tumebakiza siku moja ya wavuvi: tuone vyombo vikirudi, samaki wakishushwa, watu wakiwa kazini. Nimebaki na sehemu nne: Kedonganan, Kusamba, Amed na Perancak. Mliofika, ipi na kwa nini?

Bint_Kilindini: Kaka, Kedonganan. Iko jirani kabisa na uwanja wa ndege na ni soko la kweli. Ikifika saa kumi na mbili asubuhi vyombo vimetia nanga nje, wachukuzi wanazama hadi kifuani na kutoka na vikapu vya samaki. Mabaharia wengi ni watu wa Java na Madura waliofuata kazi. Unanunua jodari au ngisi mwenyewe, unapatana bei, unaangalia mizani, kisha unapeleka kwenye vibanda vya jirani wakuchomee kwa makumbi ya nazi. Wanatoza kwa kilo. Samaki huyo huyo ukimla jioni kwenye meza za ufukweni Jimbaran, utalipa zaidi sana. Miezi ya mvua pepo za magharibi huleta takataka nyingi ufuoni, lakini Septemba bado ni kiangazi.

Mtepe_wa_Pate: Dada, umesema vyema, ila ndugu yetu ameuliza kijiji, na Kedonganan imebaki soko tu katikati ya mahoteli. Mimi naipigia kura Kusamba, na kutoka Sanur ni mwendo wa kama saa moja tu.

Mchanga wake ni mweusi, wa volkano. Ngalawa zao, wanaziita jukung, zimepangwa ufuoni, kila moja ina matengo mawili (miti ya pembeni ya kuizuia isipinduke) kama zetu, na omo, ncha yake ya mbele, imechongwa mdomo wa mnyama na kuchorwa macho. Ni gajah mina, nusu tembo nusu samaki. Mwenye chombo huweka sadaka ya maua kwenye omo kabla ya kushua. Wanahistoria wengi wanaona ngalawa ya matengo mawili ya pwani yetu ina asili ya visiwa vya huko, ilikuja na watu wale wale waliofika Bukini (Madagaska). Mtu wa Tanga akisimama pale ataelewa bila kuelezwa.

Pembeni kuna wapika chumvi. Mtu anachota maji ya bahari kwa ndoo mbili za mzegamzega, anayanyunyiza juu ya mchanga uliosawazishwa, jua linaukausha, kisha mchanga ule unachujwa kibandani ili yatoke maji makali ya chumvi. Maji hayo huanikwa kwenye magogo ya mnazi yaliyopasuliwa na kukombwa ndani. Wapo waliohamia kwenye karatasi za plastiki kwa sababu ni haraka, na waliobaki na magogo ni wachache. Nunueni chumvi kwao moja kwa moja, kwa bei watakayotaja. Kazi ile ni ngumu mno kuipigania bei.

Na ni hapo hapo Kusamba, mwaka 1849, jeshi la ufalme wa Klungkung lilipowavamia Waholanzi usiku, jenerali wao Michiels akajeruhiwa na kufa.

Salma_Muscat: Naongezea kwa anayejali swala na chakula halali: Kusamba kuna kijiji cha Waislamu wa zamani, na msikiti wao hauko mbali na ufuo. Kule magharibi pia, Loloan, wapo Waislamu wenye asili ya Bugis ambao bado wanazungumza Kimalayu.

Dagaa_Kigamboni: Hamjaitendea haki Perancak. Ni mbali, saa tatu hivi, na barabara ya kwenda bandari ya Gilimanuk imejaa malori. Lakini vyombo vyake, selerek, sijaona mfano wake popote: vikubwa, vimepakwa rangi kali, vina minara iliyonakshiwa kama viti vya enzi. Vinavua viwili viwili kwa ringneti (wavu wa kuzungushia samaki), vikifuata lemuru, jamii moja na dagaa papa, katika mlango wa bahari wa Bali. Samaki wanashushwa zaidi Pengambengan, bandari ya jirani yenye viwanda vya makopo. Tahadhari moja: kama dagaa wetu, wanavuliwa gizani. Mbalamwezi ikikamilika, vyombo vinapumzika mtoni. Mpiga picha atafurahi, anayetaka kuona samaki atarudi mikono mitupu.

Bint_Kilindini: Hilo la mwezi sikulijua, asante mkuu. Amed je?

Mtepe_wa_Pate: Amed ni nzuri kupita zote kwa macho. Kabla ya jua kuchomoza matanga ya pembetatu yako baharini, mlima Agung nyuma yao, na asubuhi wanarudi na sehewa waliovuliwa kwa mshipi wenye ndoana nyingi. Ila kutoka Sanur ni zaidi ya saa mbili, kwa hiyo bila kulala huko utafika vyombo vimeshapandishwa pwani. Siku hizi jukung nyingi zinapata riziki kwa kubeba watalii wa kupiga mbizi. Siwalaumu. Kwa siku moja tu, siishauri.

MwanaTanga: Nashukuruni sana. Tunakwenda Kusamba alfajiri, Kedonganan tutakula siku ya kuondoka. Mke wangu anauliza mavazi, na kama kupiga picha kuna shida.

Salma_Muscat: Ufuoni vaeni kawaida ya heshima. Mkipita Goa Lawah, hekalu la pango la popo hapo jirani, mtahitaji kikoi na mshipi wa kiunoni. Msikanyage sadaka zilizowekwa chini. Picha za watu ombeni kwanza, na msisimame kwenye njia ya wanaosukuma chombo. Tozo ya watalii ya rupia 150,000 kwa kila mgeni, iliyoanza Februari 2024, lipeni mtandaoni kabla ya kusafiri.

Mtepe_wa_Pate: Na mwambieni dereva mapema kwamba mnataka ufuo wa wavuvi na wapika chumvi. Mkisema Kusamba tu, atawashusha kwenye boti za kwenda kisiwa cha Nusa Penida.